Ziara Iliyozimwa Kama Taa

Ajiambo mwanangu,

Nimefunga upande mmoja wa mlango wa duka ili wateja wajue nipo lakini nina shughuli. Wewe na mama yako mko Busia mnachambua mitumba mkitafuta sweta nzito, na ninavyomjua mama yako, hamtarudi mpaka muuzaji achoke kubishana naye. Kwa hiyo nina mchana mzima. Foleni ya malori leo imefika hadi kituo cha mafuta, na dereva mmoja ametandika mkeka chini ya trela lake akalala. Ninakuandikia juu ya boksi la filta za malori.

Mambo ya pasipoti, dawa na namna ya kukunja nguo zienee sandukuni nimemwachia mama yako. Ameshayasema yote, na kesho atayarudia hadi basi la Nairobi liondoke. Mimi nina jambo moja tu la kukusimulia, na limekuzunguka tangu uzaliwe.

Ulipofanya ule mtihani wa Kiingereza wa kwendea Uingereza mara ya kwanza ukaanguka kwenye kuandika, hukulia. Ulikuja hapa dukani, ukakaa juu ya tairi, ukaniambia, “Baba, maneno yote nayajua. Shida yangu ni kujua neno gani linatembea na lipi.” Nilikuelewa mara moja, maana hakuna mtu Malaba nzima anayeijua shida hiyo kuliko mimi. Basi tukaanza mchezo wetu wa jioni. Mimi nauliza, wewe unajibu huku unasonga ugali.

“Mvua?”

“Heavy rain.”

“Chai?”

“Strong tea.”

“Upepo?”

“Strong wind.”

“Na mvua yenyewe, mbona isiwe strong?”

“Sijui, Baba. Ndivyo wanavyosema.”

Tukajifunza kwamba kosa ni “make a mistake” lakini kazi ya shule ni “do homework”. Picha huchukuliwa, “take a picture”, na usikivu hulipwa kama kodi, “pay attention”. Hiyo ilinifurahisha sana. Nilikaa wiki nzima nikiwaambia madereva walipe attention.

Kisha jioni moja nikakuuliza “put off”. Ukajibu haraka, “The meeting was put off until Monday.” Mama yako alikuwa anakatakata sukuma wiki. Akaweka kisu chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, “Ajiambo, mwambie baba yako aitafsiri hiyo.” Mimi nikatoka nje kuangalia kuku ambao walikuwa wameshalala. Uliponiuliza kulikoni, nilikuambia utajua siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo leo.

Nilikuja Malaba kutoka kijijini kwetu Khunyangu nikiwa kijana wa kidato cha pili aliyekosa karo. Nikapata kazi kwa wakala wa forodha. Kazi yangu ilikuwa kukimbiza makaratasi: kutoka ofisini kwenda kwa maafisa, kutoka kwa maafisa kwenda kwa dereva, na kuvuka daraja kwenda upande wa Uganda na kurudi. Kiingereza nilikiokota njiani. Niliokota neno hapa na neno pale, nikayatia mfukoni, nikajiona tajiri.

Upande wa Uganda kulikuwa na kibanda cha fotokopi, na ndani yake msichana mwembamba aliyefunga kitambaa cha manjano kichwani. Siku ya kwanza niliingia natiririka jasho, nimekumbatia makaratasi. Akanitazama, akasema kwa upole, “Well done.”

Niligeuka kuona ni nani nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Nilijiuliza ni kitu gani nimefanya vizuri hivyo, nisijue. Lakini kesho yake nilikimbia zaidi, na nilipoingia akasema tena, “Well done.” Mwanangu, sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama mwezi ule. Bosi wangu alidhani nataka kumnyang'anya ofisi.

Siku moja nikiwa kwenye foleni pale kibandani, akapita mzee anasukuma mkokoteni wa ndizi. Msichana akatoa kichwa dirishani, akamwambia, “Well done, ssebo,” yaani bwana. Akapita mama wa kukaanga samaki, naye akaambiwa well done. Moyo wangu ukaingia baridi. Nilipofika mbele nikamuuliza, “Kumbe wewe unasifu kila mtu?”

“Kusifu nini?”

“Si unawaambia well done?”

Akacheka. “Hiyo ni salamu tu. Mutu anafanya kazi, unamuambia well done. Nyinyi Wakenya munasema aje?”

“Tunasema pole na kazi.”

“Pole ya nini na hajaumia?”

Huyo ndiye Athieno, mama yako. Hapo ndipo nilipoonja mara ya kwanza kwamba maneno mawili yaleyale yakivuka daraja hugeuka. Sikujifunza lolote. Nilijifunza tu kwamba ana meno mazuri.

Athieno alilelewa Tororo na ndugu wa baba yake, babu yako Owor, baada ya baba yake kufariki. Umemjua Owor akiwa mzee wa kulala kitini na redio kifuani. Enzi zile alikuwa mwalimu aliyestaafu juzi tu, na mgongo wake bado ulikuwa umenyooka kama rula. Kiswahili hakutaka hata kukisikia. Watu wa rika lake kule walikijua kama lugha ya askari waliokuja usiku kubisha milango. Kidhopadhola chao mimi sikukijua, na Kimarachi chetu yeye hakukijua. Kikabaki Kiingereza, chake cha vitabu na changu cha kuokota.

Tulikubaliana niende na watu wangu kujitambulisha, kile wao wanachokiita introduction. Baba yako mkubwa Barasa angetuongoza. Alikuwa ameshanyoosha koti lake na kununua sukari na sabuni za kupeleka. Ilibaki siku chache tu ziara ifike, nikaitwa ofisini. Simu ilikuwa ya bosi, nami nilikuwa nimempa Owor namba hiyo kwa dharura.

Sauti yake ilikuja kama ya mtu anayesoma somo kanisani. “Young man, the visit has been put off.”

Sasa nisikilize vizuri. Kila jioni bosi wangu, akichukua funguo, alikuwa akiniambia, “Put off the lights.” Mimi nazima taa, tunaondoka. Hiyo ndiyo put off niliyoijua, na niliijua kwa kuitenda kila siku kwa kidole changu. Kwa hiyo nilipoambiwa the visit has been put off, niliona kidole cha Owor kinabonyeza swichi. Ziara imezimwa. Athieno amezimwa. Nimebaki gizani.

Aliendelea kuongea. Alisema mengi, nami nilisikia mngurumo tu, kama lori linapanda mlima mbali. Nikasema, “Thank you, sir,” nikaweka simu chini yeye akiwa katikati ya sentensi.

Nilikwenda Khunyangu kumwambia Barasa. “Wamekataa,” nikasema.

“Kwa sababu gani?”

“Hawakusema.”

“Mtu hakatai binti kuolewa hivihivi bila sababu. Uliuliza?”

“Niliambiwa kwa Kiingereza.”

Barasa akaniuliza, “Kwa hiyo Kiingereza hakina kuuliza?”

Niliudhika naye. Nilimwona mtu wa shamba asiyejua mambo ya ofisi. Nikarudi Malaba, nikavuka daraja kumtafuta Athieno, nikakuta kibanda kimefungwa. Jirani akasema amekwenda kwao na hajui atarudi lini. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili: wamemficha. Sikutaka kuuliza zaidi. Mtu akishaumia hupenda ushahidi unaomuumiza, huukusanya kama kuni. Nikamwomba bosi anitafutie nafasi Mombasa kwa wakala mwenzake, kwenye bohari za makontena. Akapata. Nikaanza kuuza godoro langu na jiko.

Yaliyokuwa yakitokea Tororo wakati huo nilikuja kuambiwa baadaye. Nyanya yake Athieno alikuwa amefariki, wakawa na matanga. Owor, mtu wa utaratibu, akasogeza ziara yangu mpaka Jumamosi baada ya mazishi, akapiga simu kunijulisha. Jumamosi hiyo ilipofika wakaazima viti kanisani. Wakachinja majogoo. Shangazi zake wakaja na magauni yao ya gomesi yaliyopigwa pasi. Owor akavaa koti akakaa mlangoni tangu asubuhi. Mchana ukapita. Jioni wakawalisha majirani chakula cha wageni, na Owor akavua koti akaingia ndani. Mama yako anasema angeweza kuvumilia matusi. Kilichomshinda ni kuwabebea watu wa kanisa viti ambavyo havikukaliwa.

Jumatatu alivuka daraja. Nilikuwa nafunga vitu vyangu kwenye gunia mlangoni mwa chumba changu. Nikaona kivuli, nikainua macho.

“Mulikuwa wapi Jumamosi?” akauliza.

“Jumamosi gani?”

“Usinifanye mutoto. Tuliwangoja mpaka giza.”

“Mlitungojaje na mzee alikataa?”

“Alikataa nini?”

“Alipiga simu. Alisema ziara imezimwa.”

“Sema vile alisema. Kwa Kizungu.”

Nikasema, “The visit has been put off.”

“Until?”

“Until nini?”

“Put off until nini? Alikuambia until lini?”

Athieno alikaa juu ya gunia langu. Alilia kwanza, kisha katikati ya kilio kitu fulani kikamshinda akaanza kucheka, kisha akalia tena. “Put off ni kusukuma mbele,” akasema. “Kama angekataa, angesema called off. Wewe ulizima simu kabla hajasema Jumamosi.”

Nikamuuliza sasa nifanye nini, atanisaidiaje kumweleza mzee. Akasimama, akapangusa gauni lake. “Mimi nimetembea yangu. Tororo unaijua njia.”

Hapo ndipo nilipompenda kweli, Ajiambo. Yale ya mwanzo yalikuwa meno tu.

Tulikwenda mimi na Barasa, yeye akiwa amevaa koti lake. Njia nzima nilikariri maneno makubwa niliyoomba kwa karani mmoja, maneno ya “sincere apologies” na “unavoidable circumstances”. Owor alitupokea uani. Hakutukaribisha ndani. Kulikuwa na viti viwili, vyetu, na yeye akabaki amesimama.

“You put the phone down on me,” akasema.

Maneno ya karani yote yakanitoroka. Nikabaki na machache niliyokuwa nayo, na hayo nikayatoa. “Sir, I know put off the light. I did not know put off the visit.”

Mke wake, aliyekuwa anapepeta ulezi pembeni, akaacha kupepeta. Owor akanitaka nirudie. Nikarudia. Akatazama upande mwingine, na niliona shingo yake inatikisika. Sikujua kama ni hasira au ni kicheko mpaka alipogeuka, akavuta kiti cha tatu, akakaa mbele yangu magoti yetu yakikaribia kugusana.

Nilitegemea kufukuzwa au kusamehewa. Nilipewa kipindi cha Kiingereza. Alinifanya nitunge sentensi. “Put off the light.” “Put off the journey.” “The smell put me off,” kwa maana kwamba harufu ilinikinaisha. Maneno mawili yaleyale, kazi tatu. Kila nilipokosea alingoja nijirekebishe. Hakunisaidia na hakunicheka. Barasa akawa anatugeukia huku na huku kama mtu anayetazama mpira.

Mwisho mzee akaniambia jambo ambalo nitakupa kama lilivyo. Alisema hakukasirishwa na neno. Amefundisha watoto miaka mingi, makosa ya maneno ni chakula chake. Kilichomkera ni kwamba nilisikia maneno mawili nikajiona nimemaliza. “You should have asked me, until when?”

Kisha akatoza faini, beberu mmoja, kwa ajili ya viti vilivyokaa bila watu.

“Anasema nini?” Barasa akaninong'oneza.

“Anasema mbuzi.”

“Hiyo lugha naielewa,” Barasa akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi.

Tulipeleka beberu, tukafanya introduction, na Mombasa sikwenda. Jiko nililiuza lakini godoro lilipona.

Ungedhani hadithi imeishia hapo, na kwa kawaida mama yako huimalizia hapo kwa sababu inachekesha. Mimi nina kipande kingine ambacho sikukupa kamwe, na wewe ndiye wa kupewa, kwa sababu ya kazi unayokwenda kuifanya.

Unajua kwamba kabla yako kulikuwa na mwingine. Mama yako alishikwa na uchungu kabla ya wakati, tukampeleka hospitali. Nilikaa kwenye benchi la nje. Akatoka daktari kijana, mgeni kwetu, hakujua Kiswahili vizuri. Alikuwa amechoka, ungeona hata kwa namna alivyokanyaga visigino vya viatu vyake. Akaniambia, “I am sorry. She has lost the baby.”

Nilijua lost ya ufunguo. Nilijua lost ya njia. Nilijua na lost ya watu wa Tororo, “you are lost”, wanayokuambia wakikuona baada ya siku nyingi. Nikazipanga zote kichwani haraka haraka, na kila moja iliacha mlango wazi: kilichopotea hupatikana. Lakini nilikuwa nimeapa sitaweka simu chini tena. Daktari alikuwa ameshageuka. Nikamshika mkono wa koti, nikamuuliza swali pekee nililofundishwa.

“Doctor. Lost, until when?”

Alinitazama. Angeweza kunicheka, au kuniita mjinga, au kumwita nesi aje anieleze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi, akakaa kwenye benchi karibu nami, akachukua neno jingine dogo lililo wazi. “The baby died,” akasema. “Your wife is alive. You can see her now.”

Nilikwenda kumwona mama yako nikiwa najua kila kitu. Ilikuwa nzito, lakini niliibeba yote kwa mara moja, naye hakulazimika kunieleza yeye mwenyewe, katika hali ile. Yule daktari sikuwahi kumwona tena. Nilipokuona umevaa sare ya uuguzi mara ya kwanza, ndiye niliyemkumbuka.

Sasa unakwenda Uingereza kulaza na kuamsha wazee wa watu. Watakuambia maneno mawili mawili, na maneno hayo utakuwa umeyafaulu kwenye mtihani. Mama mmoja atakuambia “I lost my husband”, na utajua huyo hamtafuti mtu kwenye veranda. Mwingine ukimuuliza hali atajibu “not too bad”, na itakuchukua muda kugundua kwamba huyo ana maumivu tangu alfajiri. Mengine yatakupita. Yatakupita, Ajiambo, hata uwe na cheti ukutani, kwa sababu watu huyaoanisha maneno jikoni kwao, na jikoni kwao hujakaa. Hilo halinipi wasiwasi. Nimekuona ukiwauliza wagonjwa wa hospitali ya Alupe swali moja mara tatu, kwa Kiswahili, kwa Kiteso chako cha kubahatisha, kwa mikono, mpaka mtu akajisikia ameeleweka. Hilo mimi nililipata kwa beberu na kwa kaburi dogo. Wewe umeanza nalo.

Ikifika siku wewe ndiye mwenye kutoa habari, na mbele yako amesimama mtu aliyeokota Kiingereza njiani kama mimi, vuta kiti. Sina jingine la kukuagiza.

Dereva wa chini ya trela ameamka, anakunja mkeka. Foleni imesogea kidogo. Nawaona kwa mbali, mama yako mbele na wewe nyuma na mfuko mkubwa, kwa hiyo sweta imepatikana. Nimalizie kabla hamjafika.

Wiki iliyopita nilikuonyesha kadi niliyotaka kuiandika kwa ajili ya safari, ukachukua kalamu ukakata neno moja. Nilikuwa nimeandika “come back to home”. Ukaniambia, “Baba, watu huenda to school, to work, to church. Lakini home haina to.” Nikakuuliza kwa nini. Ukasema hujui, ndivyo wanavyosema. Nimeifikiria tangu siku hiyo kila ninapofungua duka, na nadhani kwa hili moja Waingereza walikuwa wanafikiri vizuri. Kwingine kote mtu hujengewa kidaraja cha kuvukia. Nyumbani unaingia tu.

Fanya kazi yako. Kaa muda utakaoona unafaa, na usiharakishwe na barua za watu, hata zangu. Siku ukichoka au ukitosheka, sitahitaji kuelezwa ni lipi kati ya hayo mawili.

Come home.

Baba yako